Jino Lililonyamaza

Mwadi,

Kama umerudi kutoka kuagana na wenzako Karavia na unatafuta begi lako, acha kufungua milango. Haliko chini ya kitanda, haliko chumbani kwetu, na mama yako hajui lilipo, basi usimwamshe. Keti kwenye kiti ulipokuwa umeliweka, usome. Nitakuambia lilipo nikifika mwisho. Nakufahamu: nikikuambia sasa, hutasoma yaliyobaki.

Sikuandikii ili kukuaga. Wanaojua kuaga wamekwisha kuaga. Wamekuombea, wamelia, wamekufungia unga na samaki wakavu kana kwamba huko mpakani Sakania watu hawali. Namna ya kupika, namna ya kufunga mlango, namna ya kuwasalimu wakubwa wa kazi, yote umeambiwa na nyumba nzima, na mengi ulikuwa unayajua kabla hawajafungua mdomo. Mimi nakuandikia kwa sababu nina hasira, na hasira yangu ina anwani. Ni jino lako la chini, upande wa kushoto, la pili kutoka mwisho.

Usiliguse kwa ulimi. Najua umeligusa.

Jino hilo halijapona, Mwadi. Limekufa. Limekufa, na sisi tumelifanyia sherehe.

Nianze na mambo ya kabla ya sherehe. Wiki kadhaa ulikuwa unatafuna upande mmoja. Ulikuwa unaacha maji yapoe kwanza kama ni ya moto, na yapate joto kwanza kama ni ya baridi. Ulikuwa unatembea barazani usiku umeshika shavu. Mimi niliona yote hayo. Nilikuuliza mezani, ukanijibu, "Haina kitu, papa." Kesho yake ukamwendea shangazi yako Kapinga, ukamlilia, naye akakupeleka Katuba kwa yule mama anayetibu meno kwa moshi.

Mkarudi na chupa. Kapinga aliiweka katikati ya meza yangu, juu ya makaratasi yangu, kama mtu anayeweka kichwa cha adui, akaniita mimi kaka yake mkubwa.

"Yaya, kuya uone bile bilikuwa mu kinywa ya mutoto."

Ndani ya maji mlikuwa na vitu vyembamba vyeupe vilivyojikunja.

"Ni nini?" nikamuuliza.

"Badudu. Njo bale balikuwa banakula jino yake. Mama ule alimufunika kitambaa, akachoma mbegu, moshi ikaingia, badudu bakaanguka mu beseni. Mi nilibaona na macho yangu."

Nilijibu kwa njia ninayoijua. Sikupiga kelele. Nilikwenda mwenyewe sokoni, nikanunua mbegu zilezile, nikarudi, nikaweka makaa, nikaweka beseni la maji, nikachoma mbegu mbele yenu wote. Hapakuwa na mdomo wa mtu karibu. Hapakuwa hata na mdomo wa mbuzi. Mbegu zikapasuka kwa joto, viini vyake vyeupe vikarukia majini, vikajikunja vilevile. Nikamwonyesha Kapinga. Nikamwambia, haya, tazama, ni mmea tu, ni kiini cha mbegu, hakuna dudu.

Akatazama kwa makini. Kisha akasema taratibu, "Njo vile. Hata nyumba yako iko na badudu."

Mama yako alicheka hadi akaketi chini. Na wewe ulicheka, umeshika shavu kwa maumivu, huku unacheka. Nimebishana na maaskofu, nimebishana na watu wa migodi, nimebishana na profesa mmoja hadi akazima simu, na hakuna aliyenishinda kama dada yangu alivyonishinda siku ile kwa maneno manane. Nilibeba beseni langu nikaenda nje.

Moshi haukukusaidia. Siku zilizofuata ndizo zilikuwa mbaya kuliko zote. Jino lilikuwa linapiga kama moyo. Halafu asubuhi moja ukaamka, ukanywa maji ya baridi kutoka frigo, ukatulia, ukanywa tena. Hakuna maumivu. Ukamwita mama yako. Mama yako akampigia Kapinga. Jioni Kapinga akaingia amebeba kreti, kazie nzima ya sukre, soda za kila rangi, chupa zinagongana, majirani nyuma yake, na wimbo.

Nataka uione picha hiyo kama nilivyoiona mimi. Jino limeoza kwa sukari, limekufa, na sisi tunashukuru kwa kulimwagia soda juu yake. Hakuna watu wengine duniani wangefanya sherehe ya namna hiyo. Lakini ndivyo tulivyo hapa: mgeni akija, sukre, mkipatana, sukre, mtoto akipita mtihani, sukre, na anayekataa chupa amemtukana mwenye nyumba. Nilikataa. Kapinga akanisogelea, chupa mkononi.

"Yaya, weye ulicheka moshi. Sasa jino inasema nini?"

"Jino haisemi kitu," nikajibu.

"Njo vile!" akawageukia watu. "Mulisikia? Haisemi kitu!"

Wakapiga makofi. Mimi nikanyamaza, jambo ambalo si desturi yangu. Nilikuwa nimeona kitu kingine, nitakifikia. Kwanza nikuambie kilichotokea ndani ya hilo jino, maana hukuwahi kuniruhusu nimalize sentensi moja kulihusu, na leo huwezi kuniondokea mezani.

Wewe unakwenda kufanya kazi ya kupitisha karatasi za malori mpakani. Mengi yatakuwa ya asidi. Unajua inakokwenda, umekulia katika mji huu. Inakwenda migodini, Kinsevere na kwingineko, na kule wanasaga jiwe, wanalimwagia asidi, na kile kilichokuwa kigumu ndani ya jiwe kinayeyuka na kutoka na maji. Hakuna anayelipiga nyundo lile jiwe ili shaba itoke. Linalainishwa kimya kimya na kitu kinachotiririka.

Basi mdomoni mwako mna kiwanda cha namna hiyo. Wenye kiwanda ni vijidudu vidogo mno, havionekani kwa jicho, havina mikia, havianguki kwenye beseni. Kila mtu anavyo, na askofu anavyo. Vinakaa kwenye ule utando laini unaoukwangua kwa kucha asubuhi. Vyenyewe havina meno ya kutafunia jino lako. Vinakula sukari, na unga wa bukari, ugali wetu, uliobaki kati ya meno, na biskuti, na baada ya kula vinatoa asidi. Asidi hiyo ndiyo inayoyeyusha jino. Kwa hiyo yule anayekuambia jino linaliwa na dudu anakudanganya mara mbili: anakuonyesha mwizi asiyekuwapo, na anamficha aliyefungua mlango. Aliyefungua mlango ni mkono wako mwenyewe wenye chupa.

Na sikia hili, maana ndilo nililolielewa nikiwa nimechelewa. Mate yako yanapigana. Kila baada ya kula, mate yanaosha ile asidi na kulirudishia jino madini yake, polepole, kama fundi anayeziba nyufa. Ukila kitu kitamu mara moja, ukaacha, fundi anamaliza kazi yake. Ukinyonya pipi, ukapumzika kidogo, ukanyonya nyingine, ukanywa sukre kwa funda ndogo mchana kutwa ili isiishe haraka, fundi hapati nafasi ya kushika hata mwiko. Wingi wa sukari ni jambo moja. Kurudirudi ndiko kunakoua.

Hapo niangalie mimi. Niliandika makala kali dhidi ya wafanyabiashara wa sukari. Watu waliisoma redioni. Unajua niliiandikaje? Kwa chai. Kikombe kimoja cha chai tamu kama asali, nikikinywa kidogo kidogo tangu jua kuchwa hadi watu wa kwanza wapite kwenda kazini. Kila sentensi, funda moja. Nilikuwa nawatukana wauza sukari huku mdomo wangu unaoga ndani yake usiku kucha. Unaniona ninavyotafuna nyama, kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha gizani. Yale mapengo yote yametokana na kazi ya kuandika dhidi ya sukari. Kapinga hajui hilo. Angelijua, angeleta kazie nyingine.

Sasa jino lako lenyewe. Lilimea ulipokuwa na miaka sita hivi, nyuma ya yale mengine, wakati meno yako ya mbele yanang'oka moja moja na unayatupa juu ya bati. Halikulisukuma jino lolote kutoka. Lilikuja tu, kimya, mahali palipokuwa na nafasi. Basi mimi na mama yako tukalihesabu pamoja na ya utoto. Wazazi wengi wa mji huu wanafanya kosa hilo hilo hadi leo: wanaona jino la mtoto wa miaka sita, wanasema litang'oka tu, kumbe hilo halina mwenziwe. Ni lako hadi kaburini.

Siku moja nilikuwekea taa mdomoni kwa sababu ya tonsili, nikaona alama nyeupe juu yake, karibu na ufizi. Nyeupe isiyong'aa, kama chaki iliyopakwa na kufutwa vibaya. Nilimwambia mama yako. Nikasema kwa sauti ya msomi, "Ni ya utoto, litang'oka." Ile chaki, Mwadi, ndiyo mwanzo wa yote. Pale madini yameanza kutoka lakini ukuta haujatoboka. Pale pale jambo linaweza kurudi nyuma: mswaki asubuhi na kabla ya kulala, dawa ya meno yenye floraidi, pipi ziachwe, na ukuta unakaza tena. Haumi hata kidogo, ndiyo sababu hakuna anayejali. Sisi tunangoja maumivu ndipo tuamini.

Baada ya hapo hakuna kurudi. Ukuta wa nje ulitoboka, tundu dogo kama la sindano. Ndani yake jino ni laini zaidi, la rangi ya manjano, na asidi ikifika hapo haiendi tena mbele moja kwa moja, inapanuka pembeni, kama wachimbaji wanaotoboa shimo jembamba juu na kuchimba pango chini. Ndiyo maana ulipokuwa sekondari, pale lisé, ulikuwa unashtuka ukinywa kitu baridi, na ukitazama kwenye kioo unaona kidoa kidogo tu cheusi. Hapo daktari angesafisha na kuziba, nawe ungekwenda nyumbani kula. Ulisema ni baridi ya Juni.

Kisha ikafika moyoni mwa jino. Kila jino lina moyo, una damu na una mshipa wa fahamu, umefungwa ndani ya chumba kigumu kisichotanuka. Vijidudu vikiingia, moyo unavimba, na hauna pa kuvimbia. Ule ulikuwa usiku wako wa baraza. Jino lilikuwa linapigania maisha yake, na lilikuwa linakuita kwa nguvu zake zote.

Asubuhi ile ya maji ya baridi, liliacha kuita. Mshipa umekufa. Hakuna wa kusikia baridi tena. Ule ndio uponyaji mliouimbia.

Ulinijibu nini nilipokuambia? Nakumbuka neno kwa neno, ulikuwa unakunja nguo.

"Papa, jino haiume tena. Nitaanza kazi kwanza. Nikipata konje nitaona munganga ya meno."

"Konje ni lini? Likizo kabla hujaanza kazi?"

"Papa. Tafazali."

Na mama yako kutoka jikoni: "Papa Mwadi, acha mutoto aende na roho mutulivu."

Roho mtulivu. Sasa nikuambie nilichokiona siku ile ya kazie, kwa nini nilinyamaza na chupa ya Kapinga mbele ya uso wangu. Nilimwona kaka yangu Ngoie.

Unaambiwa baba yako mkubwa alikufa kwa shingo. Hivyo ndivyo Kapinga anavyosema, kwa shingo, na akisema hivyo anashusha sauti ili ujue ilikuwa kazi ya watu, kwamba alilogwa. Ngoie alikuwa fundi wa magari, mwenye mikono mipana na mdomo mkubwa kuliko wangu. Jino lilimsumbua msimu mzima wa mvua. Siku moja gerejini akachovya pamba kwenye maji ya betri akaipachika tunduni. Unaelewa alichofanya? Jino lililotobolewa na asidi, akaliongezea asidi. Aliunguza ufizi, akaunguza na mshipa, na maumivu yakakatika. Akaja hapa anatembea kama mshindi.

"Docteur ni nani?" akaniambia. "Docteur ni betri."

Na mimi, niliyesoma, mwenye vitabu ukuta mzima, nilicheka naye. Si kucheka tu. Nilikuwa wakati huo nagombana gazetini na madaktari wa mji kwa sababu ya bei zao, nikamfanya Ngoie mfano. Niliandika kwamba fundi wa Lubumbashi amejitibu mwenyewe kwa kipande cha pamba. Ilikuwa makala nzuri. Ilichekesha. Ngoie aliikata akaibandika gerejini.

Jino likakaa kimya. Chini yake, kwenye mzizi, usaha ulikuwa unajikusanya, maana jino lililokufa ni nyumba isiyo na mlinzi, na vijidudu vinapita humo hadi kwenye mfupa. Halafu taya likavimba. Alifunga kitambaa. Halafu uvimbe ukashuka chini ya kidevu, mgumu kama ubao, ulimi ukainuliwa juu, akawa anasema kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Tulicheka na hilo pia, siku ya kwanza. Siku ya pili hakuweza kumeza mate yake. Tulipomfikisha hospitali alikuwa anavuta hewa kwa mabega. Munganga alimtazama shingoni, akatutazama sisi, akauliza ni nani alikuwa anangoja nini.

Kwenye matanga Kapinga alimtaja mwenzake wa gereji. Ati alimwonea wivu. Kijana wa watu alifukuzwa kwenye kiti cha plastiki mbele ya waombolezaji, akaondoka bila kuvaa kiatu kimoja, na hadi leo akituona sokoni anavuka barabara. Alifukuzwa kwa kosa la jino. Nilikuwapo. Nilijua. Kinywa changu ambacho hakijawahi kukosa neno kilikosa, kwa sababu kama ingekuwa ni jino, basi ile makala ilikuwa yangu.

Tangu hapo sipendi kitu kinachouma kikinyamaza bila sababu.

Usidhani kwamba hasira hii yote ni ya Kapinga. Nimeigawa vizuri. Kuna ya yule mama wa Katuba anayewauzia watu mbegu. Kuna ya wale wanaoweka maduka ya pipi mbele ya lango la kila shule. Kuna ya wakubwa ambao wamewaachia watu wengi hivi waganga wa meno wachache hivi, kisha wanatushangaa tukikimbilia moshi. Kuna yako, ya kutosha. Lakini fungu nono kuliko yote nimelichukua mwenyewe, na nitakuambia kwa nini.

Kapinga alikuja jana asubuhi ulipokuwa saluni. Tuligombana kama kawaida. Nilimwambia kuhusu Ngoie, mara hii bila kuficha makala. Hakunijibu kuhusu Ngoie. Alisema hivi:

"Yaya, ulijiulizaka juu ya nini mutoto alikuya kwangu? Kwako angeumwa, ungemufanyia konferansi. Kwangu alilia tu. Mi nilimushika kichwa."

Nikatafuta jibu. Unajua mimi hutafuta jibu hadi nilipate. Nilitafuta hadi akamaliza chai yake akaondoka.

Ni kweli. Ulipovunjika mkono nilikuelezea mfupa kabla sijakufuta machozi. Ulipoachwa na yule kijana wa Kampemba nilikusomea ukurasa mzima. Ulipoanza kuumwa na jino, ulinitazama mezani, ukaona mdomo wangu unajiandaa, ukasema haina kitu. Ulipendelea moshi wa mwongo unaonyamaza kuliko ukweli wa baba asiyenyamaza. Hilo sikulijua hadi jana. Nililisoma kila mahali isipokuwa usoni mwako.

Kwa hiyo niliamua kufanya kitu badala ya kusema. Kisha nikaandika barua ndefu, ndiyo, naona; mtu habadiliki kwa siku moja.

Leo mchana, ulipotoka kwenda kuagana na wenzako, nilikwenda kwa Papa Kambale, mwenye lori utakalopanda. Nilikwenda kwa miguu, ili nipate muda wa kuona haya. Unamjua: mtu wa Butembo, anaomba kabla ya kuwasha injini, na ghala lake lina magunia ya sukari hadi darini. Katika ile makala yangu ya sukari sikulitaja jina lake, lakini nilimchora hadi kofia. Nilimkuta anahesabisha magunia.

"Papa," akasema, "weye si njo ule aliandikaka kama mimi ninaua batoto na sukari?"

"Njo mimi."

"Aa. Karibu. Kaa pale."

Akanionyesha gunia. La sukari. Nikakaa juu yake, Mwadi. Nikamwomba lori lisiondoke kesho alfajiri, lingoje hadi saa tano. Nikamwambia kwa nini. Alivua kofia, akafungua mdomo wake, akanionyesha kwa kidole: upande mzima wa juu, dhahabu na mapengo.

"Iyi yote ni sukari ya kuonja, ya kupima kama stoki ni ya muzuri," akasema. "Nitamungojea mutoto. Nitamubeba pale kwa munganga, mbele ya mulango. Lakini siku ingine ukiandika juu yangu, andika na hii."

Nimeiandika. Ndiyo hii.

Kutoka kwake nikapita nyumbani, nikachukua begi lako, nikalibeba hadi kwa munganga wa meno, ile kabine iliyo nyuma ya posta. Wanafungua kesho saa mbili asubuhi. Liko nyuma ya meza ya yule dada anayepokea wagonjwa, na diploma yako imo ndani, na nguo zako za kazi, na unga wa mama yako. Nimemwambia asimpe mtu yeyote isipokuwa wewe, ukiwa na mdomo wako. Jina lako limeandikwa. Munganga atapiga picha ya mzizi, ataona. Kama mfupa bado ni mzima, ataosha ndani ya jino, atautoa ule moyo uliokufa, ataliziba, nawe utaendelea kulitafunia. Kama sivyo, ataling'oa, na utaanza kazi Sakania ukiwa na pengo na ukiwa hai. Vyote viwili navikubali. Ni wewe utakayechagua, na unaweza pia kuchukua begi, ukageuka, ukapanda lori. Sitakushika mkono. Wewe si mtoto, na munganga hafungui mdomo wa mtu kwa nguvu ya baba yake.

Lakini jina lako ni la pili. La kwanza ni langu.

Nina jino la juu, upande wa kulia, linashtuka nikinywa maji. Lina tundu, nimelijua tangu mwaka jana, nimelificha kuliko ulivyoficha lako, kwa sababu mimi, mbishi wa mji mzima, naogopa ile sindano. Linauma, maana yake linaishi bado, linaweza kuzibwa. Nitatangulia. Utanikuta juu ya kile kiti, nimelala chali, taa usoni, pamba shavuni, mdomo wazi, na sitaweza kusema neno lolote kwa muda mrefu.

Maisha yako yote umekuwa ukingoja nafasi ya kunijibu. Njoo mapema, usiipoteze.

Baba yako